Makefile husomwa kwanza, amri zake huendeshwa baadaye

Mtu anayeanza kujifunza Makefile, yaani faili ya maelekezo ya kujenga programu, angefundishwa jambo hili kabla ya mengine yote: GNU Make, programu inayoifuata faili hiyo, hufanya kazi kwa awamu mbili. Kwanza huisoma faili yote, juu hadi chini. Ndipo huanza kuendesha amri za kujenga programu. Mafunzo mengi hulisukuma hili mwishoni, na nadhani hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Chukua `ifeq`, inayouliza kama thamani mbili ni sawa. Sharti hili huamuliwa papo hapo, faili inaposomwa. Ukiandika `ifeq ($@,majaribio)` halitatimia kamwe, maana `$@` hubeba jina la shabaha (kitu kinachojengwa), na wakati wa kusoma hakuna kinachojengwa bado. Ni tupu. Hata kigeu (jina linalobeba thamani) ulichokifunga kwa shabaha moja, kama `debug: CFLAGS += -g`, `ifeq` haikioni. Uamuzi wa baadaye uache ndani ya amri zenyewe, kwa `$(if ...)` au `if` ya sheli.

Halafu alama ya `=`. Yenyewe huhifadhi maandishi jinsi yalivyo, na kuyafumbua upya, yaani kuweka thamani halisi mahali pa majina, kila kigeu kinapotajwa. `:=` hufumbua mara moja, basi. Kwa hiyo `SASA = $(shell date +%s)` huiita `date`, amri ya kutoa saa, tena na tena, na majibu yanaweza kutofautiana ndani ya ujenzi mmoja. Mimi nasema `:=` iwe ndiyo desturi, na `=` ibaki pale thamani inapohitaji `$@` au `$<` (jina la faili ya kwanza ambayo shabaha inaitegemea). Najua wapo wanaoipenda `=` kwa sababu inaruhusu kutaja kigeu kilichoandikwa chini zaidi. Katika faili ndefu, uhuru huo humlazimu msomaji kuisaka thamani faili nzima, na mara nyingi msomaji huyo ni mwenzako wa kazini.

Inayonikera zaidi ni `ifdef`, inayouliza kama kigeu kina thamani, kwa kuwa haifumbui kitu. Ukiweka `A = $(B)` na `B` ni tupu, `ifdef A` bado itakubali. Andika `ifneq ($(strip $(A)),)`, inayofumbua `A` kwanza ndipo kuuliza kama si tupu.

Na `CC ?= clang` haibadilishi chochote: `?=` huweka thamani pale tu kigeu hakijawekwa, na Make huja na `CC` (jina la kikusanyaji) yake tayari, yaani `cc`. Weka `$(info $(origin CC))`, inayoonyesha kigeu kilitoka wapi, juu ya faili, nayo itakujibu `default` ikiwa hukuiweka `CC` mwenyewe kwingine.