Mabloga Wakigombana, Ndipo Tunapojua Nani Alilipwa

Kila mabloga wawili wenye wafuasi wengi wanapokosana hapa Mombasa, wito unaotolewa ni uleule. Wazee huombwa wawapatanishe, viongozi wa dini huwakumbusha ubaya wa kusengenyana, na wapo wanaodai kwamba polisi wawakamate wote wawili ili mji utulie. Hoja hiyo ina uzito na inastahili kusikilizwa. Hata hivyo, naona inauchukulia ugomvi kuwa ndiyo matumizi mabaya ya ushawishi, ilhali mara nyingi ugomvi ndio wakati pekee ambapo matumizi hayo hujitokeza tukayaona.

Wanaotaka malumbano haya yakomeshwe huanza na madhara, na madhara yapo. Mahasimu wakishapandwa na hasira, picha za watoto huanikwa, ndoa za watu hujadiliwa na wasiohusika, na marehemu hawasalimiki. Wanaoumia zaidi ni watu wa kando. Mama mmoja anayeuza chakula mtaani Kibokoni alijikuta ndani ya ugomvi wa namna hii kwa sababu tu bloga mmoja alikuwa mteja wake na aliwahi kuusifia wali wake wa nazi. Bloga wa pili, katika kumkomoa mwenzake, aliandika kwamba jiko la mama huyo ni chafu. Hakuna afisa wa afya aliyekuwa amefika pale, wala mteja aliyelalamika, lakini kwa wiki kadhaa masufuria yalirudi nyumbani yakiwa na chakula. Alipopiga simu kumwomba mwandishi aifute posti ile, alijibiwa kwamba kufuta nako kuna gharama yake.

Jibu hilo la mwisho ndilo linalonifanya nisikubaliane na wapatanishi. Bloga yule hakuwa amepandwa na hasira alipotaja bei ya kufuta. Alikuwa mtulivu, kama mtu anayetaja bei ya bidhaa aliyoizoea kuiuza. Hata ugomvi ungemalizwa jioni ileile kwa kupeana mikono na dua, bei ile ingebaki palepale.

Ushawishi wa mabloga una thamani halisi, na ndiyo maana una wanunuzi. Gari lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni tarehe 29 Septemba 2019, mama na bintiye wakazama, maswali ya watu mitandaoni hayakukoma hadi miili ilipoopolewa tarehe 11 Oktoba, na usalama wa kivuko kile ukawa jambo la taifa zima. Nguvu inayoweza kuisukuma serikali namna hiyo haiwezi kukosa mtu wa kuitamani. Mwanasiasa huitamani, na vilevile mfanyabiashara anayewania zabuni na hoteli inayotaka mshindani wake asemwe vibaya.

Mwaka 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo, katika ripoti iliyotolewa na wakfu wa Mozilla, walieleza jinsi kampeni za hashitegi za kulipiwa zilivyoendeshwa nchini Kenya wakati wa mvutano wa BBI, mpango wa kuibadilisha Katiba, zikiwalenga hata majaji waliokuwa wameuzima mchakato huo mwezi Mei mwaka huo. Mmoja wa walioshiriki alisema kwamba malipo yalikuwa kati ya dola 10 na 15 kwa siku, na kwamba katika siku moja mtu angeshiriki kampeni tatu. Tuitazame tarakimu hiyo polepole. Kwa kiwango cha fedha cha wakati ule, dola 15 zilikuwa kama shilingi 1,600, yaani kila kampeni haikufika shilingi 600. Tikiti ya treni ya daraja la kawaida kutoka Mombasa hadi Nairobi ilikuwa shilingi 1,000. Kwa pesa zinazokaribia nusu ya nauli hiyo, kijana mmoja alikubali kuandika kwamba jaji fulani amenunuliwa, na maelfu ya wasomaji wakadhani wanasoma uchungu wa raia mwenzao. Mtandao wa Twitter uliondoa akaunti zaidi ya 100 baada ya uchunguzi ule.

Kinachonishughulisha katika habari hiyo ni kwamba washiriki hawakuwa wakigombana. Walikuwa wameelewana kabisa, wakipokea maelekezo katika kikundi kimoja cha WhatsApp, wakiposti saa moja, kwa maneno yanayofanana. Hakuna mzee aliyeitwa kuwapatanisha kwa sababu hapakuwa na kelele. Kama wawili kati yao wangekosana kuhusu mgao, pengine tungejua mapema zaidi na bila kumsubiri mtafiti.

Hivyo ndivyo inavyotokea hapa kwetu. Mahasimu wakifikia hatua ya kutoleana siri, kitu cha kwanza kuwekwa hadharani huwa skrinshoti ya ujumbe wa pesa za simu, kiasi na saa vikionekana wazi, jina la mtumaji likiwa limefunikwa nusu kwa mstari mwekundu. Chini yake huwekwa posti iliyotoka dakika chache baadaye, ikimsifu mtu aliyekuwa akitukanwa asubuhi. Msomaji aliyekuwa akishangaa ni vipi bloga wake amebadilika ghafla kuhusu takataka za mtaani kwake hupata jibu ambalo hakuna chombo chochote cha serikali kingempa.

Wapinzani wa maoni haya watauliza, kwa haki kabisa, kama skrinshoti za mahasimu zinaaminika. Nyingine ni za kughushi, na mtu mwenye kisasi si shahidi mwema. Ndiyo sababu sisemi kwamba kila linaloanikwa lipokelewe. Lakini katika ugomvi kuna mtu wa pili mwenye sababu nzuri na wafuasi wa kutosha kukanusha papo hapo, jambo ambalo halipo katika posti ya sifa iliyolipiwa, ambayo hupita kimya bila wa kuihoji.

Mji huu una historia ndefu ya watu kujibizana mbele ya umma. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, aliwarushia Walamu mashairi makali, naye Zahidi Mngumi wa Lamu akamjibu kwa makali yayo hayo. Hata hivyo, hapakuwa na msikilizaji aliyehitaji kuuliza Muyaka ni wa nani. Usuhuba wake na watawala wa Kimazrui ulijulikana na kila mtu, na beti zake zilipimwa kwa ujuzi huo. Msomaji wa leo ananyimwa kipimo hicho.

Ajabu ni kwamba serikali inajua pesa hizo zipo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mlipwaji, ya asilimia 5 juu ya mapato ya maudhui ya kidijitali kwa mkaazi wa nchi, na ikataja waziwazi malipo ya udhamini ambayo mwenye bidhaa humpa mtengenezaji wa maudhui. Kwa hiyo mtoza ushuru ana haki ya kujua nani amemlipa nani. Msomaji, ambaye akili yake ndiyo iliyouzwa, bado anategemea hiari ya mwandishi.

Ama kuhusu polisi, hapo sina njia ya kati. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 ilikuja na kifungo cha hadi miaka 10 kwa kuchapisha habari za uongo. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani na vifungu 26 vikasimamishwa kwa muda, kabla Mahakama Kuu haijaikubali sheria hiyo Februari 2020. Miaka mitatu kabla ya hapo, mahakama hiyohiyo ilikuwa imefuta kosa la jinai la kumvunjia mtu heshima, kwa hoja kwamba jela si dawa ya sifa iliyochafuliwa. Tazama sasa nani hufikiwa na mkono huu wa dola. Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alikamatwa Homa Bay Juni 2025 kwa sababu ya maandishi yaliyomhusu naibu mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafia mikononi mwa polisi. Maafisa walisema alijigonga ukutani, na wapasuaji wa maiti wakasema majeraha yake hayakuwa ya kujiumiza. Anayedai mabloga wa Mombasa wakamatwe kwa sababu wanatukanana anaukabidhi mkono huo wa dola kwa watu walewale wanaoogopa kutajwa kwenye skrinshoti.

Kuna njia nyingine ya kumlinda mtu wa kando. Kesi ya madai ya kuvunjiwa heshima ipo, ingawa sharti ifunguliwe ndani ya miezi 12, na mwenye kibanda cha chakula hana karo ya wakili. Kipengele cha 35(2) cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomdhuru, na kinasema hivyo bila kutofautisha gazeti na ukurasa wa bloga. Mama wa Kibokoni alistahili kusahihishiwa bure, kwa wafuasi walewale waliosoma uongo ule. Wazee wanaoitwa kusuluhisha wangeanza na hilo, wangekuwa wamefanya kazi ambayo mahakama inachelewa kuifanya.

Badala yake, sharti la kwanza la suluhu zetu huwa kwamba pande zote mbili zifute zilichoandika. Uongo kuhusu jiko hufutwa bila kusahihishwa, na skrinshoti za malipo hufutwa pamoja nao. Aliyelipa ndiye anayefaidika zaidi na suluhu hiyo, hata kama hakuhudhuria kikao. Uchaguzi Mkuu ni Agosti 2027, na wanaonunua ushawishi hawasubiri kampeni kutangazwa rasmi. Mpatanishi anayetaka kuheshimiwa katika miezi hii na awaambie mahasimu waache matusi, wasahihishe uongo, waondoe picha za watoto, na wayaache yale yanayohusu pesa yabaki palepale yalipo, majina yakiwa kamili.