Kabla Kampuni Hazijaungana: Mapatano ya Simu na Kebo, kutoka Maryland hadi Dar es Salaam

Sisi tuliotoka Dar es Salaam tukahamia Marekani huulizwa mara nyingi na ndugu zetu kama ni kweli kwamba huku intaneti ni bora na nafuu. Kuhusu kasi sina ubishi. Kuhusu unafuu na uhuru wa mteja, jibu langu huwashangaza: mkazi wa Tabata au Mbagala mwenye simu ya laini mbili ana nguvu mbele ya kampuni za mawasiliano ambayo mimi, ninayeishi Maryland, sina nikiwa sebuleni kwangu. Naandika kwa sababu nguvu hiyo inaweza kupotea bila kelele. Kampuni mbili zikiungana kuwa moja, magazeti huandika na kila mtu hujua. Lakini kampuni zilizopaswa kushindana zikikaa mezani na kukubaliana kuuziana huduma, ni wachache wanaotambua kwamba kuna kitu kimebadilika, hadi bili inapofika.

Katika miji mingi ya Marekani nyaya zilizozoeleka kuingia nyumbani ni mbili, wa simu na wa kebo ya televisheni, na kwa muda mrefu kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ilikusudia kuondoa mipaka hiyo, ili mwenye waya wa simu aweze kuuza televisheni na mwenye kebo aweze kuuza simu, kwa matumaini kwamba wawili hao watapambana na mwananchi atafaidika. Mwaka 2005 kampuni ya Verizon ilianza kuuza huduma yake ya faiba inayoitwa FiOS, ikipeleka televisheni na intaneti ya kasi moja kwa moja hadi nyumbani, na kampuni ya kebo ikapata mshindani wa kweli kila mtaa faiba hiyo ilipofika. Mwaka 2010, hata hivyo, Verizon ilieleza kwamba haitaendelea kuingia maeneo mapya. Mji wa Baltimore, ulio mkubwa kuliko yote katika jimbo ninaloishi, ukabaki nje, wakati vitongoji vingi vinavyouzunguka vilikuwa vimekwisha kupata.

Kisha, tarehe 2 Desemba 2011, Verizon Wireless, kampuni ya simu za mkononi ambayo sehemu yake kubwa ilimilikiwa na mwenye FiOS, ilitangaza kununua leseni za masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano ya simu za mkononi, kutoka kwa kampuni za kebo za Comcast, Time Warner Cable na Bright House kwa dola bilioni 3.6. Muda mfupi baadaye kampuni nyingine ya kebo, Cox, nayo ikakubali kuuza masafa yake. Kampuni hizo za kebo zilikuwa zimeyapata masafa hayo katika mnada wa serikali wa mwaka 2006, na wengi walitarajia kwamba siku moja zingejenga mitandao yao ya simu za mkononi. Kuyauza kulimaanisha kwamba zimeachana na mpango huo. Lililonisumbua zaidi, na ambalo halikuzungumzwa sana mitaani, ni mikataba iliyoambatana na mauzo hayo: Verizon Wireless ingeuza televisheni na intaneti za kampuni za kebo, nazo zingeuza laini zake za simu, na pande zote zingekuwa na chombo cha pamoja cha kubuni teknolojia.

Miaka hiyo niliingia katika duka moja la simu kutafuta simu mpya, na kabla sijamaliza kueleza shida yangu, kijana aliyekuwa kaunta alikwisha kunikabidhi kipeperushi cha kebo. Nikamuuliza kama kuna matarajio ya faiba mtaani kwetu. Akasema hajui, ila kebo naweza kuunganishiwa wiki hiyohiyo, na nikijiunga na huduma zote mbili nitapewa punguzo. Alikuwa mpole na alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara Kariakoo anaelewa kilichokuwa kikitendeka pale. Muuzaji anayepata kamisheni kwa kuuza mzigo wa jirani hana haja ya kuagiza mzigo wake wa kushindana naye, hasa ikiwa kuuagiza kunadai kuchimba mitaro, kusimamisha nguzo na kusubiri miaka mingi kabla ya kuona faida.

Wizara ya Sheria ya Marekani iliona hatari hiyohiyo. Tarehe 16 Agosti 2012 ilifungua shauri mahakamani pamoja na mapatano ya kulimaliza, na wiki moja baadaye Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ikaidhinisha mauzo ya masafa. Kwa mujibu wa mapatano hayo, Verizon Wireless ilikatazwa kuuza huduma za kebo mahali ambapo FiOS inapatikana. Katika maeneo ambayo Verizon ilikuwa na waya wa zamani wa simu tu, ruhusa ya kuuza kebo iliwekewa kikomo cha Desemba 2016, ili kampuni isipoteze kabisa hamu ya kujenga faiba huko. Chombo cha pamoja cha teknolojia nacho kikapewa ukomo. Hakuna kampuni iliyovunjwa na mauzo ya masafa hayakuzuiwa. Serikali ilichukua mikataba, ikaisoma kifungu kwa kifungu, ikafuta baadhi, ikaweka tarehe ya mwisho kwa vingine, na vilivyobaki ikaviacha.

Nasisitiza hili kwa sababu katika mikataba hiyohiyo kulikuwa na kifungu kilichokuja kumfaa mwananchi. Kampuni za kebo zilipata haki ya kununua huduma ya mtandao wa Verizon kwa jumla na kuiuza kwa jina lao. Mwaka 2017 Comcast ilianza kuuza huduma ya simu za mkononi kwa njia hiyo, na mwaka 2018 ikafuatiwa na Charter, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kuzinunua Time Warner Cable na Bright House. Wateja wengi wa kipato cha kawaida, wakiwemo Watanzania ninaowafahamu hapa, walihamia huko kwa sababu ya bei. Kwa hiyo siungi mkono wanaosema kwamba kila ushirikiano ni njama. Ushirikiano unaompa mshindani njia ya kuingia sokoni ni tofauti na ule unaomlipa ili asiingie, na ugumu ni kwamba mara nyingi yote mawili huandikwa katika karatasi zilezile na kutiwa saini siku moja.

Kuna jambo lingine la Desemba hiyohiyo ya 2011 ambalo halipaswi kusahaulika. AT&T ilikuwa imetaka kuinunua T-Mobile, mshindani wake katika simu za mkononi, kwa dola bilioni 39, Wizara ya Sheria ikaenda mahakamani kupinga, na mwezi huo AT&T ikajiondoa. T-Mobile iliyonusurika ndiyo iliyoanza kuuza kwa upana, mwaka 2021, intaneti ya nyumbani isiyohitaji waya, na katika mitaa mingi iliyokuwa na waya mmoja tu wa maana watu wakapata kwa mara ya kwanza mahali pengine pa kwenda. Ushindani huo uliletwa na kampuni iliyoachwa hai na ambayo haikuwa imefungwa na ahadi ya kuuza bidhaa za mwenye kebo.

Sasa turudi nyumbani, ambako hali yetu ilijengwa kwa namna nyingine. Waya wa simu haukuwahi kuwafikia Watanzania wengi. Wengi tuliruka hatua hiyo tukaenda moja kwa moja kwenye laini za mkononi. Dada yangu mkubwa, mwenye genge Tabata, ana laini tatu: moja ya kupigia, moja anayonunulia bando, na moja ambayo wateja wake wameizoea kwa malipo. Siku kifurushi anachokitumia kinapopunguzwa dakika au megabaiti bila bei kushuka, haandiki barua ya malalamiko wala hasubiri mkataba uishe, kwa sababu mkataba hana. Hapo hapo, akiwa anapima nyanya, anaweka salio kwenye laini nyingine. Kampuni inajua hivyo. Mimi kwa huduma ya nyumbani ningelazimika kupiga simu, kusubiri, kurudisha modemu, na baada ya yote hayo, kwa miaka mingi, sikuwa na waya mwingine wa kuhamia.

Uhuru huo wa dada yangu ulisaidiwa na ushirikiano ulioandaliwa vizuri. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuruhusu pesa itumwe kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Mwaka 2017 ikawezekana kuhama mtandao bila kubadilisha namba. Gharama ambayo mtandao mmoja huutoza mwingine kwa kupokea simu zake ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, ikashushwa mwaka hadi mwaka mpaka shilingi 2 mwaka 2022, na kwa hiyo kampuni ndogo haikulazimika tena kumlipa mkubwa fedha nyingi kila mteja wake anapopiga nje. Katika yote hayo wapinzani walikubaliana jambo, na makubaliano yao, au amri waliyopewa, ilifanya kuhama kuwe rahisi zaidi.

Tumeonja pia upande wa pili. Aprili 2021 utaratibu mpya wa vifurushi ulipoanza kutumika katika mitandao yote kwa siku moja, watu waliona bei zimepanda kila walikogusa, na kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba utaratibu huo ulisitishwa mara moja. Sidai kwamba kampuni zilikula njama, kwa kuwa chanzo kilikuwa kanuni zilizowahusu wote. Ninachosema ni kwamba siku ile laini tatu za dada yangu hazikuwa na thamani zaidi ya moja.

Wasiwasi wangu wa leo ni faiba. Dar es Salaam imeanza kupata waya wa nyumbani: TTCL ina faiba yake ya mlangoni, kampuni za simu za mkononi zinauza faiba na vilevile ruta za 5G, na kuna watoa huduma wengine wa intaneti pamoja na wenye ving'amuzi wanaotaka vipindi vyao vitazamwe mtandaoni. Hapa ndipo Marekani ilipokuwa kabla ya 2011, nyaya zikiwa bado zinajengwa na kila mmoja akipiga hesabu kama ni afadhali ajenge au akubaliane na mwenzake. Agosti 2025 Vodacom Group na Airtel Africa zilitangaza makubaliano ya kutumia kwa pamoja mikongo ya faiba na minara nchini Tanzania, Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kutegemea idhini za wasimamizi. Afrika Kusini, mpango wa Vodacom wa kununua hisa katika Maziv, yenye mtandao mkubwa wa faiba, ulikataliwa na Baraza la Ushindani Oktoba 2024, kisha ukaruhusiwa na mahakama ya rufaa ya ushindani mwaka 2025 baada ya masharti kuboreshwa. Majirani zetu, kwa maneno mengine, walibishana hadharani na kwa muda mrefu kuhusu jambo ambalo kwetu linaweza kupita kama habari ya kawaida ya biashara.

Kutumia mnara mmoja badala ya kujenga miwili kunaokoa fedha, na kijijini ambako mnara wa pili hautajengwa kamwe ni jambo la heri. Katikati ya Dar es Salaam hoja hiyo ina nguvu ndogo zaidi. Ningependa Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Ushindani waulize, na wananchi waelezwe, kama mtandao wa tatu na wa nne utaruhusiwa kukodi mikongo hiyo kwa bei ileile. Kama wafanyakazi wa kampuni hizo mbili watakuwa wakipeana taarifa za mahali kila mmoja anapokusudia kujenga na idadi ya wateja anaowatarajia. Na kama mapatano yana mwisho au yatajirudia yenyewe hadi yasahaulike. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza makubaliano ambayo lengo lake au athari yake ni kudhoofisha ushindani, hata kama hakuna kampuni iliyonunuliwa. Msingi upo. Kinachohitajika ni kuisoma mikataba mapema, wakati mitaro bado haijafukiwa.

Mkataba ninaouogopa kuliko yote, hata hivyo, ni mdogo na hautatangazwa na mtu. Nilipokuwa likizo nilimtembelea binamu yangu aliyepanga katika ghorofa jipya Kijitonyama. Alitaka kubadilisha kampuni ya intaneti kwa sababu ile aliyoikuta ilikuwa inakatika kila jioni, na kampuni nyingine ilikuwa imekwisha kupitisha waya wake kwenye nguzo iliyo mbele ya geti. Fundi alifika na ngazi yake, mlinzi akamrudisha: mwenye jengo amekubaliana na kampuni moja tu. Binamu yangu hakuonyeshwa makubaliano hayo siku alipotia saini mkataba wa pango. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2007 mikataba ya aina hiyo inayozipa kampuni za kebo haki ya pekee katika majengo ya makazi, na mwaka 2022 ikabidi irudi tena kukataza baadhi ya mipango ya mgawo wa mapato kati ya kampuni na wenye majengo, kwa sababu zuio la kwanza lilikuwa limezungukwa.

Kwetu maghorofa ya namna hiyo bado yanahesabika, Mikocheni, Masaki, Kijitonyama, Sinza, na kanuni fupi ya Mamlaka ya Mawasiliano inayompa mpangaji haki ya kuvutiwa waya wa kampuni anayoitaka ingetosha. Kabla haijaandikwa, wapangaji wanaweza kumwomba mwenye nyumba awaonyeshe mkataba alioingia, na nakala yake, au maelezo ya maandishi ya mlinzi na fundi, yapelekwe katika Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Binamu yangu ameanza kukusanya saini za majirani zake wa ghorofa ya tatu na ya nne.