Kiongozi Mwadilifu: Moyo Wake au Mipaka Aliyojiwekea?

Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha Challenger, walikuwa kwenye kikao cha simu na maofisa wa NASA, shirika la anga la Marekani. Chombo hicho kilipangwa kurushwa kesho yake. Wahandisi walionya kwamba baridi ingeidhoofisha mipira inayoziba maungio ya roketi, wakashauri safari iahirishwe. NASA hawakufurahi. Wakuu wa kampuni wakaomba kujadiliana peke yao, na hapo kiongozi mmoja akamwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi, avae ya umeneja. Akabadili msimamo. Asubuhi chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na wote saba waliokuwamo wakafa.

Nalikumbuka tukio hili kila linapozuka swali la kiongozi mwadilifu ni nani, kwa sababu halina mwizi ndani yake. Tumezoea kuupima uadilifu kwa rushwa: nani kala, nani hajala. Hapa palikuwa na watu wenye heshima zao, wenye mteja mkubwa wa kumridhisha na saa inayokimbia. Walipungukiwa na moyo mwema, au na utaratibu mwema?

Majibu mawili yanashindana. La kwanza ni la kale, na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ni mtetezi wake mashuhuri: mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki tena na tena, kama mpiga kinubi anavyoupata ujuzi wake kwa kupiga kinubi. Kwa wanaoshika upande huu, kanuni pasipo tabia ni makaratasi. Na mfano wanao. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa 64. Kanuni zake zilizuia mgongano wa maslahi, lakini mwaka 1999 bodi iliziweka kando zaidi ya mara moja ili mkuu wa fedha, Andrew Fastow, aendeshe kampuni za pembeni zilizofanya biashara na Enron yenyewe. Desemba 2001 Enron ikaomba kinga ya kufilisika. Waliokabidhiwa kufuli ndio waliofungua mlango.

Upande huo una mfano mwingine, wa kutia moyo. Mwaka 1982 watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sianidi na mtu asiyejulikana. Johnson & Johnson, kampuni mama ya watengenezaji, haikuwa imetia sumu hiyo, lakini iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31 nchi nzima. Uamuzi wa namna hiyo hautoki kwenye kanuni pekee. Unahitaji mtu anayeona uhai wa mteja asiyemfahamu ni mzito kuliko hesabu za mwaka.

Jibu la pili linasema tabia ya binadamu ni dhaifu kuliko tunavyopenda kuamini. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti waliofanya kwa wanafunzi wa seminari huko Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa jengo la jirani kutoa hotuba, wengine hasa kuhusu Msamaria Mwema. Njiani walimkuta mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kuguna. Kati ya walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walitoa msaada. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikubadilisha mambo kwa kiasi cha maana. Haraka ndiyo iliyobadilisha. Wale walikuwa vijana wanaosomea kazi ya kuhudumia wengine!

Mimi naegemea jibu hili la pili, ila silimezi lote. Ni kweli mazingira hutushinda, lakini mazingira ya kazi hayashuki kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyepanga ratiba ile, aliyeamua nani asikike kikaoni, aliyesema kanuni iwekwe kando mara hii tu. Kwa hiyo kwangu mwadilifu ni yule anayeujua udhaifu wake mapema, akajiwekea mipaka wakati kichwa bado kimetulia. Anayejigamba kwamba yeye hahongeki hanipi usingizi. Namwamini zaidi anayesema, kabla hajaulizwa, "Zabuni hii ina ndugu yangu ndani, isipite mezani kwangu," kisha akahakikisha hata simu kuhusu zabuni hiyo hapigiwi.

Kuna wanaopinga kwamba mipaka humfunga kiongozi mikono na kumchelewesha. Hoja hiyo ina uzito wakati wa dharura. Lakini usiku ule wa Challenger, kuchelewa ndiko kulikohitajika.

Mpaka wenye thamani kuliko yote, naona, ni ule unaohusu habari mbaya. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Wengi huuchukua usemi huo kama agizo la kuvumilia lawama, nami naona unasema zaidi: takataka zisipomfikia mkubwa, zinaozea mahali asipopaona. Kiongozi hahitaji kukataza watu wasiseme. Akikunja uso mara mbili tu, inatosha. Msaidizi atalainisha taarifa, wa juu yake atailainisha tena, na itakayofika ofisini itakuwa tamu na ya uongo. Anayetaka kuepuka hilo na aanze na mambo madogo: aongee wa mwisho kikaoni, kwa kuwa akitangulia wengine watamfuata, aulize ni jambo gani likitokea litatufanya tusimame, na atazame orodha ya waliopandishwa vyeo, aone kama yumo hata mmoja aliyewahi kumletea habari chungu.

Hata wema wa kimyakimya hautoshi. Mtafiti wa maadili ya uongozi Linda Treviño na wenzake waliandika mwaka 2000 kwamba kiongozi mwadilifu anapaswa kuwa mtu mwema na pia meneja anayezungumzia maadili, anayetuza na kuadhibu kwa kuyafuata. Anayenyamaza, walio chini yake humwona hana msimamo, nao huchukulia kwamba kinachohesabika ni faida tu. Hili linawauma wanyenyekevu, nami lilinichukua muda kulikubali.

Na ambaye bado hana cheo, aanzie wapi? Katika majaribio ya utii ya mwanasaikolojia Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, yaliyoanza mwaka 1961, washiriki 26 kati ya 40 walitii amri ya kumpiga mtu shoti mpaka volti 450, wasijue kwamba shoti hizo zilikuwa za kuigiza. Katika jaribio jingine, mshiriki aliketi na wenzake wawili waliopangwa na mtafiti kukataa katikati. Safari hii waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Wale wawili hawakuwa na mamlaka yoyote chumbani. Mmoja alisema hataendelea, akahamia kiti kingine. Baadaye mwenzake naye akakataa.