Hakika Nisiyokuwa Nayo

Kwa miaka mingi, mteja aliponiuliza programu yake ingekuwa tayari lini, nilimtajia tarehe moja kwa sauti ya mtu mwenye hakika, ilhali hakika yenyewe sikuwa nayo.

Mwaka jana tulipokea kazi ya wakala mmoja wa forodha hapa Mombasa, aliyetaka kumbukumbu zake za makontena zihamishwe kutoka madaftarini hadi kwenye mfumo mpya. Nilimwahidi wiki 6. Namba ya kontena huwa na herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki: hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, ili kosa la kunakili ligundulike. Tulipofungua madaftari tukakuta makarani wameiacha karibu kila mahali, kwa kuwa ubavuni mwa kontena huandikwa peke yake ndani ya kisanduku, nao waliiona kama pambo. Kuikokotoa upya si taabu. Taabu ni kwamba bila ile ya asili hatukuweza kujua kama zile nyingine zimenakiliwa sawa, tukalazimika kulinganisha ukurasa kwa ukurasa na hati za shehena. Tulimaliza wiki ya 19.

Kutoyajua hayo hakukuwa kosa langu. Kosa ni kuahidi kabla ya kufungua hata daftari moja. Mmarekani Barry Boehm, mtaalamu wa uhandisi wa programu, alikwisha kuonyesha mwaka 1981 kwamba makadirio ya mwanzoni kabisa huweza kupishana na hali halisi hata mara 4, juu au chini. Mkazi wa Likoni anayefanya kazi kisiwani analijua jambo hili bila kusoma: haimsumbui feri inavyovuka, huhesabu foleni.

Siku hizi hutaja muda mfupi na muda mrefu, kisha huomba wiki 2 za malipo ili kuchunguza kwanza yale yasiyojulikana. Wapo wanaoniacha na kumfuata anayewapa tarehe, wala siwalaumu, maana mwenye mkopo wa benki hana budi kupanga.

Juzi mwenye duka la vipuri alinisikiliza hadi mwisho, akatua kikombe cha kahawa.

“Kwa hivyo hujui, mwanangu?”

“Mambo mawili, mzee, siyajui,” nikamjibu, nikamtajia yote mawili.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nianze na hayo.