Sio kila aliyekufa kwa bunduki aliuawa

Kila Marekani ikitajwa kwenye habari, ndugu zangu walioko Kenya hunipigia simu: huogopi risasi huko? Naogopa, ila hofu yangu haiko pale wanapoielekeza.

Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki hapa Marekani. Hesabu hiyo husambazwa kana kwamba wote walipigwa risasi na majambazi. Zaidi ya nusu yao, watu 26,328, walijiua. Waliouawa na wenzao ni 20,958. Bado ni msiba mkubwa, tena bunduki ndizo zilizotumika katika takriban mauaji manne kati ya kila matano nchini mwaka huo. Lakini anayechukua ile jumla na kuilinganisha na mauaji ya nchi nyingine anajidanganya.

Idadi tupu nayo hupotosha. Mwaka huohuo, kwa silaha zote, Marekani ilikuwa na mauaji kama 26,000. Afrika Kusini iliandikisha zaidi ya 27,000 mwaka 2022/23. Utadhani hali ni moja, hadi ukumbuke kwamba Marekani ina watu zaidi ya milioni 330 na Afrika Kusini kama milioni 60. Kwa kila watu 100,000, Marekani ni karibu 8, Afrika Kusini ni kama 45.

Kwetu Kenya raia wenye bunduki ni wachache, lakini panga halihitaji leseni. Ukihesabu risasi peke yake, tunaonekana shwari kuliko tulivyo. Na waliojiua? Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Kwa aibu na woga wa namna hiyo, ni familia ngapi zimezika mtu zikisema aliugua ghafla?

Ninachoogopa huku ni bastola iliyo kwenye droo ya mtu aliyepoteza kazi, mbali na kwao, asiye na wa kumfungulia moyo. Anayejaribu kujiua kwa njia nyingine mara nyingi huokolewa. Kwa bunduki, wengi mno hawapati nafasi ya pili. Kwa hiyo mkisikia mwenzetu amenunua bastola ya kujilinda, msimpongeze tu. Muulizeni siku hizi analala vipi, na ufunguo wa kasha la silaha anao nani.