Vinyago vya Afrika Magharibi havikuchongwa vikae kabatini

Naishi London miaka mingi sasa, na jambo moja Wazungu wametushinda ni kutunza. Vinyago vya Wamende wa Sierra Leone vilivyochongwa zaidi ya miaka mia iliyopita vipo hapa makumbushoni, havijaguswa na mchwa, na kuingia kuviona ni bure. Hapo nawapa haki yao. Ila wanachokitunza ni nusu tu ya kitu chenyewe.

Chukua sowei, kinyago cha Sande, chama cha jadi cha wanawake wa Kimende. Paji la uso pana, macho membamba, mdomo mdogo uliofumbwa, nywele zilizosukwa kwa ustadi, shingo yenye mikunjo. Mchongaji ni mwanamume, lakini anayekivaa ni mwanamke, jambo la nadra sana barani kwetu. Inama utazame ukingo wa chini: kuna matundu yaliyouzunguka. Hapo ndipo zilipofungwa nyuzi nyeusi za mwale, mti wa jamii ya mchikichi, zilizomfunika mchezaji, usimjue ni nani. Kabatini mara nyingi hazipo. Wafanyabiashara wengi wa zamani walikuwa wakivua mavazi ya vinyago na kubakiza mti, maana wanunuzi wa Ulaya walitaka sanamu.

Mimi ni mtu wa Newala, kusini mwa Tanzania, na kwetu lipiko, kinyago cha Kimakonde, halitoki bila ngoma. Mchezaji amefunikwa nguo mwili mzima, sura ya mti imelala kichwani, naye anachungulia kupitia mdomo wa kinyago. Watoto wanatimua mbio, kina mama wanapiga vigelegele. Gelede ya Wayoruba wa Nigeria na Benin nayo hukaa juu ya kichwa, ikichezwa kuwaenzi kina mama. UNESCO ilipoitambua mwaka 2001, ilitambua nyimbo, ngoma na mchezo wote.

Nilifurahi mno mwaka 2010, Geneva ilipoturudishia kinyago cha Kimakonde kilichoibwa makumbusho ya Dar es Salaam mwaka 1984. Nilifurahi pia Ufaransa ilipoirudishia Benin vitu 26 vya kifalme kutoka Abomey mwaka 2021. Virudi, tena vingi zaidi. Lakini kutoka kabati la Ulaya kuingia kabati la Afrika hakutoshi. Wachezaji nao waitwe.

Kinachoniuma zaidi ni vibao vya maelezo: "Mchongaji hajulikani." Kijijini kwake alijulikana sana, aliyenunua ndiye hakuuliza. Wanawake wa Sande bado wapo Sierra Leone, na nyimbo wanazijua. Makumbusho ziwaulize wao kabla ya kuandika kibao kingine.