Jembe la Alfajiri

Kwetu Pemba mtu akiwa na kiwanja mbele ya nyumba hupanda muhogo au huanika karafuu. Mie nikapanda ukoka. Kosa ni la semina moja niliyokwenda Unguja, tukalazwa hoteli ya pwani, asubuhi nikatembea pekupeku juu ya majani yaliyokatwa sawasawa kama zulia la msikiti. Nikarudi nyumbani na ugonjwa.

Nyumba yangu iko nje kidogo ya Chake Chake, kwenye kipande cha eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi. Mke wangu aliponiona nimechutama napandikiza ukoka shina moja moja, aliuliza neno moja tu: "Huliwa?"

Nikamwambia hauliwi, unatazamwa. Akaingia ndani.

Nikaununulia samadi, gari tatu za ng'ombe. Nikaumwagilia kila jioni kama mgonjwa wa kunyweshwa. Mwezi wa pili ukashonana, nikatoa kiti cha plastiki, nikawa nakunywa chai pale katikati peke yangu. Wageni walisimama ukingoni wakiuliza mbuzi wako wapi.

Raha ilidumu wiki mbili. Asubuhi moja nikakuta mashimo kama ishirini, kila moja la kuingia kikombe cha kahawa, na ukoka umebinuliwa mizizi juu. Nikawashuku kuku wa jirani, kisha nikawaomba radhi kimoyomoyo, maana kuku usiku hulala. Nikakesha dirishani na tochi. Saa tisa hivi macho mawili yakanitazama bila haya: ngawa, mkia wake wa pete pete, pua imezama kwenye zulia langu. Ni huyu huyu anayetoa zabadi, manukato waliyoyapenda mabibi wa zamani. Mie sikupata manukato, nilipata harufu tu.

Nikaanza vita. Nilimwaga pilipili ya kusaga. Alfajiri nikapangusa jicho kwa mkono ule ule, nikashinda nyumbani siku hiyo nimejifunga kitambaa usoni. Nikaacha redio ikilia nje usiku kucha. Betri zikashindwa kabla ya ngawa. Na kila alfajiri, kabla sijakwenda msikitini, nilichukua jembe nikayafukia mashimo ili jua lisiniaibishe.

Hapo ndipo nilipojiponza. Maana wanaokwenda kusali alfajiri hupita mbele ya nyumba yangu, na walichokiona ni mtu mzima, kiza bado, jembe mkononi, anafukia mashimo kwenye kiwanja kisichokuwa na hata shina moja la muhogo.

Barzani hawakuhitaji zaidi. Shamba lile zamani lilikuwa la Mwarabu mwenye karafuu nyingi, na inasemekana aliondoka mikono mitupu. Sasa rupia zake zilikwenda wapi? Mmoja akapanda juu zaidi, akasema hazina hiyo si ya Mwarabu, ni ya Mkama Ndume mwenyewe, mtawala wa kale wa Pujini, yule aliyewatumikisha watu wakabeba mawe huku wakisota kwa makalio. Nilijaribu kuwaambia kwamba rupia ziliacha kutumika hapa 1936, na mtu anayekimbia 1964 hawezi kufukia pesa zisizonunua hata andazi. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Fedha ni fedha, mwanangu," nikaona ananitazama mifukoni.

Kwa bahati mbaya ndiyo wiki tuliyoleta friji. Ya mkopo wa kazini, wallahi. Lakini friji haisemi imetoka wapi.

Sheha, mkuu wa shehia yetu, akanipitia, akaulizia afya, akaulizia watoto, akaulizia paa la skuli linalovuja, akasema shehia ina mambo mengi ila watu wake wana roho nzuri. Mkwe wangu naye, ambaye tangu harusi hajawahi kuniita ila "wewe", akaanza kuniita "mwanangu".

Mie nilikuwa na ngawa wangu. Nikaazima jarife kuukuu, wavu wa kuvulia papa, kwa mvuvi, nikalitandaza juu ya ukoka wote, nikalifunga pembeni kwa vigingi. Na nikaweka ndoo ya maji ya pilipili mlangoni, kwa dharura.

Saa nane usiku nikasikia kitu kinavuruga. Kikubwa. Kinakoroma. Nikajua huyu si ngawa, huyu ni nguruwe. Nikafungua mlango, nikapiga bismillahi, nikarusha ndoo nzima.

Nguruwe akasema, "La ilaha illallah!"

Nikawasha tochi. Mkwe wangu amekaa ndani ya jarife kama papa, mguu mmoja juu, kofia imeninginia kwenye tundu la wavu, jembe kifuani. Pembeni yake mganga, naye kanasa, bado kashikilia chetezo, macho yote mawili kayafumba na machozi yanamtiririka.

Ulimi uliniganda. Adabu niliyofunzwa ikatoka yenyewe: "Masalkheri, baba."

"Masalkheri, mwanangu," akajibu, akipiga chafya. "Nilikuwa napita."

Kulikata lile jarife ilituchukua saa nzima, na mvuvi ananidai mpaka leo.

Asubuhi yule bwana wa gari ya ng'ombe alipokuja kudai salio la samadi, alinikuta nimesimama juu ya shimo la kuingia ndama. Akachutama, akachokoa udongo kwa kijiti, akatoa dudu nene, jeupe, limejikunja kama kamba aliyechemshwa. Kisha la pili, na la tatu. "Chonga hawa," akasema. Mtoto wa chonga hukulia kwenye samadi na kwenye magogo ya minazi yaliyooza, akishakuwa mkubwa ndiyo anakwenda kutoboa minazi ya watu. "Umewapikia ngawa pilau, kisha unawafukuza mlangoni."

Alisema niwafungulie kuku, wawamalize. Nikawafungulia. Kufika adhuhuri waliwamaliza chonga, na ukoka wakaumaliza, na zile mbegu za mchicha za mke wangu pia.

Jioni tukawa tunafukia lile shimo la baba mkwe, mie na mke wangu. Chini kabisa kukawa na kitambaa chekundu kimefungwa fundo, kinanuka ubani wa jana. Nikafungua: rupia moja, ina sura ya Mfalme George wa Uingereza, imesuguliwa inang'aa. Nikacheka, nikaanza kumweleza mke wangu kwamba waganga hawa huja na rupia yao mfukoni, wakaitumbukize, wakaione, kisha wadai ujira wa kutafuta zilizobaki.

Hakuwa ananisikiliza. Alikwishaipangusa kwa upindo wa kanga, anaigeuza huku na huku.

"Jembe," akasema, "umeliweka wapi?"